Naomba kubadili jibu langu la simu

Bwana Mhariri,

Naandika kwa sababu ya ile makala yenu kuhusu hospitali zinazowafuatilia wagonjwa wa mifupa kwa video ya simu. Mwandishi wenu alisema wagonjwa wameridhika. Huenda mmoja wa hao walioridhika ni mimi. Niliulizwa kwa simu, nikajibu nimeridhika sana, nikampa binti wa watu tano juu ya tano, nikamtakia na baraka. Leo naomba kubadili jibu lile. Aliyeniuliza hajapiga tena, basi nalileta kwenu.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea Majengo, hapa Goma, katika chumba cha mbele cha nyumba ya mbao iliyokaa juu ya mawe ya volkano kama za majirani zangu. Cherehani yangu ni ya miguu, maana umeme wa mtaa wetu hauwekeani ahadi na mtu. Nimeanza na cherehani kwa sababu habari hii yote ni ya mguu wa kuume, na mguu wa kuume ndio unaokanyaga.

Mwaka jana nilipanda boti ya Ziwa Kivu kwenda Bukavu kupeleka nguo za harusi: gauni la bibi harusi na bikwembe vya shangazi na mama wadogo kumi na wawili, vyote sare. Nguo zilifika, mimi sikufika. Kwenye mteremko wa Kadutu, mvua imetoka kunyesha, motari alishika breki mahali ambapo udongo ulishageuka sabuni, na pikipiki ikanilalia mguuni. Nguo hazikupata hata doa. Nilikuwa nimezifunga nailoni mara mbili. Kifundo cha mguu wangu kilikuwa kimegeuka kinatazama upande usio wake. Dokta aliniambia mfupa umevunjika pande mbili, nundu ya ndani na nundu ya nje, na kwamba plasta peke yake haiwezi kuushika. Nikapasuliwa, nikawekewa bamba la chuma na skrubu saba. Nimezihesabu mwenyewe kwenye radio. (Wasomaji wenu wa Mombasa na Dar es Salaam wasishangae: kwetu radio ni picha ya eksirei pia, si ile ya kusikilizia habari tu.)

Hospitali siitaji. Walinitendea vema, na haya nitakayosema yangeweza kutokea katika yoyote ile.

Siku ya kumi na nne nyuzi zilitolewa, na dokta akanipa ruhusa ya kurudi nyumbani kwa magongo, nisikanyage hata kidogo. Pale bandarini vijana wawili walinibeba kama gunia la maharage kunishusha botini, na mmoja akasema kwa sauti, "Polepole, huyu ana vyuma!" Boti nzima ikageuka kunitazama. Saa tatu za ziwa, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, kila wimbi likipiga nalisikia kwenye skrubu. Nilipoona Goma na mlima wake nililia, nikasingizia upepo.

Sasa tuelewane juu ya umbali huu, maana ndio unaotoa majibu yote yanayofuata. Dokta wangu yuko Bukavu. Njia ya nchi kavu inapita Sake, Minova, Kalehe, Kavumu, karibu kilomita 200 za mashimo. Mtu mwenye mfupa mbichi haipiti hiyo na akafika na mfupa ule ule. Ziwani, mgonjwa wa magongo hasafiri peke yake, kwa hiyo nauli ni ya watu wawili, kwenda na kurudi, na pa kulala. Kwa hesabu yangu mimi safari moja ingemeza gauni tatu za harusi, kazi yote ya karibu mwezi. Na hofu nayo ina bei. Tangu 3 Oktoba 2024, siku ile meli iliyotoka Minova ilipozama mbele ya Kituku, bandari ya hapa Goma, huku watu wakiitazama kutoka ufukoni, mume wangu akisikia neno boti anatoka nje.

Basi dokta aliposema, "Mama, hatutakusumbua na ziwa, tutaonana kwa video," niliridhika palepale. Alikuwa hajaniuliza neno, hajautazama mguu. Wanaohesabu walioridhika wanapaswa kulijua hili. Mtu aliyeokolewa na safari ile ataridhika hata akionyeshwa dokta amelala.

Video ya kwanza ilikuwa wiki ya sita. Nilitakiwa kupiga radio hapa Goma, kisha nitume picha. Nikaenda kwenye kliniki moja, wakanipiga picha moja ya mbele, wakanipa filamu ndani ya bahasha. Binti yangu wa pili, ambaye ndiye fundi wa simu nyumbani, aliishikilia filamu dirishani akaipiga picha kwa simu, akaituma. Saa nne asubuhi ndiyo tuliyopewa. Dokta aliingia saa nne na dakika arobaini. Hilo silihesabu kama kosa, kwani pale hospitalini ningekaa kwenye benchi tangu saa moja hadi saa nane ili anione dakika sita. Hapa nilikuwa nimekaa kitandani naweka vifungo. Alipoingia akacheka. "Mama, naona mfupa wako, na naona pia bati la jirani." Kweli, mwanga wa dirisha ulipenya filamu ukaleta paa la nyumba ya pili katikati ya kifundo changu.

Tuligeuza, tukaweka shuka jeupe nyuma, akaona. Kisha akauliza, "Ya pembeni iko wapi?" Hakuna. Na ya tatu, mguu ukiwa umegeuzwa ndani kidogo ili nafasi ya kiungo ionekane? Hata hiyo hakuna. Kifundo hakisomwi kwa picha moja, akanieleza, kama vile wewe fundi hukati gauni kwa kipimo cha kifua peke yake. Nilimwelewa sana. Nisichoelewa hadi leo ni kwa nini maneno hayo sikuandikiwa kabla. Karatasi ndogo tu, au ujumbe wa simu wa kumwonyesha mpiga picha: piga hivi, hivi na hivi. Nililipa tena, motari tena, magongo juu ya mawe tena, na video ikasogezwa siku nne. Dokta alikuwa anajua anachotaka, mpiga picha alikuwa anaweza kukitoa, na kati yao nikawa mimi, mtu asiyejua hata jina la hicho kitu, ndiye niliyetumwa kukifikisha.

Mega, yaani data ya simu, nazo zililiwa. Video moja ililamba zile nilizodhani zitanifikisha Jumapili. Katikati ya dokta kuniambia uzito gani niweke kwenye mguu, skrini ikaganda naye mdomo wazi, binti akasema, "Mama, mega zimeisha," akatoka mbio kwa muuza unite, yaani vocha, wa kona. Aliporudi dokta alikuwa na mgonjwa mwingine. Akanipigia jioni kwa sauti tu, kwa moyo wake mwema. Ada ya kumwona nililipa kama ya watu waliofika mlangoni kwake. Mega nilizoweka mimi, hakuna aliyeziuliza.

Na lingine ambalo wanaume wanaoandika hojaji hizi pengine halijawapitia. Nyumba yetu ina vyumba viwili. Mtandao unashika vizuri mahali pamoja, karibu na mlango wa mbele. Kwa hiyo nilikaa mlangoni, kikwembe kimepandishwa hadi gotini, mguu juu ya kigoda, na Majengo ikawa inapita. Mama mkwe wangu alikaa upande mmoja kusikiliza. Wateja wawili waliokuja kuchukua nguo walikaa upande wa pili. Mtoto wa jirani aliingiza kichwa kati ya simu na mguu akamsalimia dokta. Dokta aliponiuliza kama naenda choo vizuri na zile dawa za maumivu, nilisema ndiyo, ndiyo. Ilikuwa hapana, siku ya tano. Ningemwambia tukiwa wawili, mlango umefungwa.

Video ya pili, wiki ya kumi, nataka niisifu kwa moyo wote, maana hapo ndipo nilipoona kwamba jambo hili lina faida ambayo hata hospitali haina. Nilikuwa nimeshaanza kukanyaga kwa gongo moja. Dokta aliniambia niukunje mguu juu, niushushe, niugeuze. Nikafanya. Akasema si mbaya. Ndipo binti yangu, bila kuulizwa, akasema, "Dokta, lakini kwenye cherehani hawezi." Dokta akasema, "Hebu nione." Tukageuza simu, binti akaishika chini usawa wa pedali, nikakaa, nikakanyaga.

Wasiojua cherehani ya miguu wanadhani mtu anaisukuma tu. Hapana. Kisigino kinashuka, vidole vinapanda, vidole vinashuka, kisigino kinapanda. Kazi yote iko kwenye kifundo, goti linafuata tu. Mimi nilikuwa nasukuma kwa nyonga. Mguu mzima ulikuwa unapanda na kushuka kama mchi, kifundo kimekaza katikati. Niliijua kwa kuwa mishono yangu ilikuwa inarukaruka na mgongo unaniuma jioni, ila sikujua sababu. Dokta aliiona kwa nusu dakika. Akaniambia nivue kiatu, nishushe kiti, niweke kisigino nyuma ya pedali, nikanyage bila uzi, bila kitambaa, dakika kumi asubuhi na kumi jioni, polepole. "Hiyo pedali ndiyo kine yako, mazoezi yako ya viungo, mama. Huna haja ya kumlipa mtu." Kule Bukavu angenitazama nikitembea kwenye korido yenye saruji laini. Asingeiona cherehani, wala mawe ya mlangoni kwangu, ambayo pia alitaka kuyaona, akaniambia nishuke kwa mguu mbaya na nipande kwa mguu mzuri. Jirani zangu wote wanakijua kisa cha pedali. Mwandishi wenu angenikuta wiki ile, ningemwambia aandike kwa herufi kubwa.

Video ya tatu ilikuwa wiki ya kumi na nne. Siku mbili kabla yake, upande wa nje wa kifundo, juu ya kovu, palianza kuwasha, kisha kuuma kwa ndani, kisha nikahisi joto usiku. Nikamwambia. Akaniomba nisogeze simu. Nikasogeza. "Pana wekundu?" Bwana Mhariri, mimi ni mweusi wa kweli kweli, na simu yangu ni ya bei ya kawaida. Kwenye ngozi yangu wekundu hauji kama unavyokuja kwenye picha za vitabu. Unakuja kama weusi unaong'aa, na kamera ya simu ikiona giza inalipausha yenyewe. Nilimwonyesha kovu, yeye akaona kovu. Akaniambia nibonyeze ukucha wa kidole gumba niachie, rangi ikarudi upesi, akasema damu inapita. Akaniambia nishike shavu la mguu, kama linauma au limevimba, maana anaogopa damu kuganda. Haliumi. "Kuna joto?" Nikaweka mkono. Mkono wangu ulikuwa umetoka kushika pasi ya mkaa. Ningelijuaje joto? Nikasema kidogo. Akafikiri. Akasema uvimbe wa jioni unaweza kuendelea miezi mingi, ninyanyue mguu, nipunguze kazi, nikiona usaha au homa nimpigie mara moja.

Simlaumu. Aliuliza yote yaliyoulizika. Yaliyobaki yalikuwa ya kushikwa.

Kesho yake asubuhi ndipo simu ya hospitali ilipolia. Sauti ya binti, mpole sana. "Jambo mama, tunapiga kuuliza kama umeridhika na matibabu ya video." Akauliza kama video ilikuwa rahisi, kama dokta alinisikiliza, kama ningependa kutumia tena, kama ningemshauri ndugu. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kutoka moja hadi tano? Tano.

Nilijibu hivyo kwa nini, na kifundo kinanipwita pale pale? Kwanza, dokta aliniambia kabla kwamba ni uvimbe wa kawaida, nami nilimwamini. Pili, yule binti ndiye anayenipangia saa ya video, na sitaki jina langu liwe la yule mama wa Goma mwenye manung'uniko. Tatu, mtu aliyekushika mguu wako uliogeuka, akaurudisha mbele, halafu unamwambia nakupa tatu? Kwetu hiyo haisemeki. Na alichouliza ni kama dokta alinisikiliza. Alinisikiliza! Hakuniuliza kama mguu unauma.

Siku ya tatu baada ya simu ile alipita jirani yetu, mama mstaafu aliyefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, amekuja kupunguza sketi. Aliniona nachechemea. Hakuuliza kitu. Alipiga goti juu ya vipande vya vitambaa, akaweka mgongo wa mkono wake kwenye mguu mzima, akauhamishia kwenye mguu mbaya, akarudi kwenye mzima, akarudi tena. Kisha akabonyeza kando ya kovu kwa vidole gumba viwili, taratibu, kama mtu anayetafuta pini iliyopotea kwenye pindo. Kikatoka kitone, cheupe kama maji ya mchele. Akaniambia, "Leo hii, mama. Usingoje kesho."

Kwenye kituo cha afya walifungua kidogo, wakakuta uzi wa ndani uliokataa kuyeyuka, umekaa hapo unakusanya usaha. Wakautoa, wakasafisha. Wakampigia dokta wa Bukavu, naye akawaongoza vizuri, akataka usaha upimwe, akachagua antibiotiki. Bahati, haukuwa umefika kwenye chuma. Usaha ukifika kwenye bamba ni habari nyingine kabisa, ya kupasuliwa upya. Jioni alinipigia mwenyewe. Akasema, "Mama, ningekushika siku ile ningejua." Nilimheshimu zaidi kwa neno hilo kuliko kwa skrubu zote saba.

Lakini ile tano yangu iko palepale. Imeandikwa. Pengine imo ndani ya hesabu aliyopewa mwandishi wenu.

Katika kazi yangu, mteja akivaa gauni mbele ya kioo siku ya kujaribu, anazunguka, anacheka, anasema fundi umeniweza. Sijaweka furaha hiyo moyoni hata siku moja. Nangoja gauni lifuliwe. Likishafuliwa mara mbili ndipo najua kama pindo limekaa, kama kitambaa kimerudi, kama mshono wa kwapa umeachia. Mteja wa kioo na mteja wa baada ya kufua ni mtu mmoja mwenye majibu mawili.

Mpwa wangu anasomea udaktari hapa Goma, na nilipokuwa nimelala na mguu juu ya mito alikuwa ananisomea kwenye simu yake yaliyoandikwa na wenzetu wa mbali, akiniita mgonjwa wa sayansi. Kuna madaktari wa Vanderbilt, Nashville, huko Marekani, ambao mwaka 2015 walitoa utafiti mdogo wa majaribio juu ya watu waliovunjika: wengine waliendelea kuonwa hospitalini, wengine kwa video. Kuridhika kwao kulikuwa karibu sawa, na wa video walipoteza muda mchache zaidi. Sawa, hilo hata mimi ningewaambia. Ila uliochukua moyo wangu ni wa Norwei, wa 2019. Hospitali ya chuo kikuu ya Tromsø, kaskazini kabisa kwenye baridi, nao wana shida yetu: mgonjwa yuko mbali na daktari wa mifupa. Waliwagawa wagonjwa karibu 400, na wale wa video waliridhika kama wale waliosafiri.

Nikamwambia mpwa wangu, basi, umenishinda. Akasema ngoja, shangazi, sikiliza walivyofanya. Wale wagonjwa hawakukaa mlangoni kwao na simu ya binti. Walikwenda kwenye kituo cha afya kilicho karibu nao, na kule kulikuwa na muuguzi pamoja nao chumbani, na radio hapohapo. Daktari yuko Tromsø kwenye skrini, mikono iko upande wa mgonjwa. Niliketi kitandani. Kumbe wanaposema video imeridhisha, hiyo ni video yenye mtu wa kunishika. Yetu tumechukua skrini, tumeacha mikono, tumebakiza jina.

Hilo ndilo ninalotaka kusema kwenu na kwa hospitali zinazosoma gazeti hili. Sitaki video ifutwe! Atakayeifuta aje anilipie boti. Nataka upande huu wa ziwa awepo mtu. Vituo vya afya tunavyo, kila zone ya afya ina vyake, na wauguzi wanaojua kuweka mgongo wa mkono juu ya ngozi tunao. Mmoja alikuja kwangu kupunguza sketi. Hospitali ya Bukavu ikubaliane na kituo kimoja cha Goma, mgonjwa aende pale kwa saa yake, alipe pale, mlango ufungwe, muuguzi amshike mguu huku dokta akimwelekeza: bonyeza hapa, geuza hivi, joto likoje. Radio ipigwe kwa maagizo yaliyoandikwa na dokta mwenyewe. Mtandao uwe wa kituo, si mega za mtoto wangu. Na mara moja moja, ndiyo, simu ije hadi nyumbani ili dokta aone cherehani, au jembe, au chukudu yetu ya mbao ya kusukumia mizigo, au ngazi, chochote kile ambacho mguu huo unarudi kukifanyia kazi.

Msiponipa mikono, wako wengine wataileta. Mama mkwe wangu, wiki ya nne tu, alikuwa ameshatuma salamu kwa mzee mmoja kutoka upande wa Masisi anayeunga mifupa. Mzee akaja, mtu wa heshima, ana mafuta yake na majani yake. Alitaka kukanda palipovunjika. Nilikataa, kwa sababu nilikuwa nimeziona skrubu kwa macho yangu na niliogopa azisogeze. Lakini nawaambia ukweli: alipoushika mguu wangu kwa mikono miwili, akanyamaza, akaupima, nilitaka kulia. Wiki mbili zilikuwa zimepita hakuna mtu yeyote aliyeugusa isipokuwa mimi. Mama mkwe akaniambia, "Huyu angalau anashika. Wako yuko kwenye simu." Ni wangapi wamemkubali mzee huyo kwa sababu hiyo tu? Hao hawapo kwenye hesabu ya walioridhika wala ya wasioridhika, maana walishaacha kupokea simu.

Na mkiuliza, ulizeni baadaye. Msiulize kesho yake, dokta akiwa bado anatajwa kwenye sala za jioni. Ulizeni mwezi ukiisha, tena aulize mtu asiye wa hospitali ile. Aulize, mama, mguu unakanyaga? Ulirudi kazini lini? Ulikwenda kwa mtu mwingine katikati? Kwa nini? Ulitumia fedha gani ambazo hatukuzijua? Yapo mengi ambayo ningeyasema kama ningeulizwa hivyo, na mengine ni ya kuisifia hospitali. Kwa mfano hakuna aliyeandika popote kisa cha pedali.

Hali yangu leo: kovu limefunga, kavu. Jioni kifundo bado kinavimba, zaidi siku za mvua, lakini natembea bila gongo na wiki iliyopita nimemaliza sare za kwaya, sketi ishirini na mbili. Dokta anasema tukifika mwaka tutazungumza kama chuma kitoke au kikae. Kwa hilo nitapanda boti, nimeshaanza kuweka akiba, na mume wangu ameshaanza kutoka nje.

Kwa yule binti wa hospitali, kama gazeti linamfikia: sikukasirika nawe, ulifanya kazi uliyopewa, na sauti yako ni nzuri. Namba yangu haijabadilika. Piga baada ya saa kumi na moja, cherehani ikiwa imenyamaza.

Mama Fundi,
Majengo, Goma
(Jina langu kamili analo Mhariri.)